Maeneo Machache Yako Wapi?

Mwezi huu nimepewa ukurasa wa safari. Safari ya ndege sina. Niko na safari ya basi, kutoka Kakuma mpaka Kitale, na ndani yake kuna habari ya mvua ambayo nadhani inatuhusu sisi wote, wenye mabati na wenye turubai.

Ile miaka ya ukame hakuna aliyeisahau. Kuanzia Oktoba 2020 mpaka Desemba 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya maana katika sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ya Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais wa Kenya wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Sisi huku Turkana hatukungoja tangazo. Kuku walikuwa wanatembea mdomo wazi. Mbuzi walikula katoni. Mathenge peke yake ndiyo ilibaki kijani, kwa sababu mathenge haina aibu.

Na jamani, mawingu yalikuwa yanakuja! Hilo ndilo lililouma zaidi. Yalikuja kama wageni wa miradi: mengi, makubwa, na vumbi linatangulia mbele. Yanasimama juu ya kambi, yanatutazama, yanatuhesabu, halafu yanaondoka na kutuachia ahadi.

Ukitaka kujua jinsi mvua inavyopendelea, uliza familia ya wakimbizi. Sisi tuna ndugu kila upande, na ripoti za hali ya hewa tunazipata bure. Jirani yangu mmoja wa Sudani Kusini alikuwa anapiga simu Bentiu. Kule mafuriko yalirudi kila mwaka, 2019, 2020, 2021 na 2022, mpaka kambi yao ikawa imezungukwa na maji pande zote, inalindwa na matuta ya udongo tu. Ndugu yake akamuuliza, "Na nyinyi huko maji yamefika wapi?" Jirani akaangalia mstari wa jerikani pale bombani, akajibu, "Bado yako kwa foleni."

Mama mmoja Mrundi naye alikuwa na dada Gatumba, karibu na Bujumbura. Mwaka 2020 na tena 2021 maji ya mto Rusizi na ya Ziwa Tanganyika yaliingia majumbani, watu wakahama na magodoro kichwani. Dada analia maji, huyu analia vumbi, na wote wawili wanalipia dakika. Mwishowe wakakubaliana: anayepiga simu ndiye aanze kulia.

Sasa tuje kwa redio. Wakati huo kila jioni tulisikiliza utabiri. Mtangazaji, sauti nzuri, anasema: kutakuwa na jua katika sehemu nyingi, na mvua kiasi katika maeneo machache. Kesho yake, hivyo hivyo. Kesho kutwa, maeneo machache. Mtoto wangu wa tatu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka sita, akavumilia wiki nzima, halafu akaniuliza, "Mama, Maeneo Machache iko wapi? Kwa nini hatukupelekwa huko?"

Tulicheka mpaka majirani wakachungulia. Lakini swali la mtoto lilibaki nyumbani. Bloku nzima ikalichukua. Mtu akipoteza kuku, anaambiwa ameenda Maeneo Machache. Mume akichelewa kurudi, yuko Maeneo Machache.

Utani ulikuwa na upande wake mbaya, na ndio ulionifanya niandike. Alasiri moja mvua ilinyesha upande wa Kakuma 3. Tuliiona kwa macho, pazia jeusi kutoka mbinguni mpaka chini. Tulisikia hata harufu yake. Sisi wa Kakuma 1 tulipata matone ya kuhesabu. Kufika usiku maneno yakaanza: kwa nini wale na si sisi? Nani amefunga mvua? Macho yote yakaenda kwa kijana anayefyatua matofali, maana kila mtu anajua tofali linataka jua. Kwetu Kivu ni hivyo hivyo tangu zamani, mvua ikikawia, wafyatua matofali walale macho wazi.

Watu walikwenda kwake wakiwa wamekasirika kweli, na wengine walikuwa na fimbo. Kijana akatoka, akatazama lile kundi, akasema, "Wazee wangu, mama zangu, mimi nifunge mvua? Udongo nitauchanganya na nini, mate?" Kimya. Mzee mmoja akaanza kucheka, wa pili naye, basi fimbo zikashuka. Mungu alisaidia kijana alikuwa na maneno. Mwingine angekosa maneno siku ile angeumizwa kwa ajili ya wingu.

Ndiyo maana nilipopata safari nikafungua macho. Nilitaka nimjibu mtoto, na nilitaka niwe na la kusema siku nyingine fimbo zikitoka.

Safari yenyewe ilikuwa mwisho wa Julai 2022. Nilipata kibali cha kutoka kambini kumsindikiza shangazi yangu mgonjwa mpaka Kitale. Mnajua wenyewe, sisi bila karatasi hiyo hatuvuki hata kivuli. Tulipanda basi alfajiri, saa kumi na moja, na kibali nimekifunga kwenye pindo la kitenge kama pesa ya harusi.

Kutoka Kakuma mpaka Lodwar ni kama kilomita 120. Nje ya dirisha ni mawe, mchanga, mchongoma, na mizoga ya mifugo iliyokauka pembeni. Hapo hapakuwa na la kuchekesha. Watu wa Turkana, wenyeji wetu, walikuwa wanapoteza mbuzi na ngamia, na kwao mbuzi ndiye benki, ndiye ada ya shule, ndiye mahari.

Kando yangu alikaa mzee wa Kiturkana na kigoda chake cha mbao, kile ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto wa kulalia. Tukasalimiana. "Ejok," nikasema. Akafurahi, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mama, wewe ni wa kambi?"

"Ndiyo, baba."

"Nyinyi mvua yenu inakuja kwa lori," akasema. "Yetu inakuja kwa miguu, na miguu imeumia."

Nilielewa anachosema. Lori la mgao. Nikamwambia, "Baba, hiyo mvua ya lori nayo siku hizi inanyesha maeneo machache."

Mzee alicheka mpaka tumbaku ikamtoka. Baada ya hapo tukawa ndugu. Akanieleza kwamba vijana wake wamevuka na mifugo kwenda upande wa Uganda, kwa Wakaramoja, kutafuta majani. Kuvuka huko si kwa kujificha: mwaka 2019 pale Moroto serikali za Kenya na Uganda zilitia sahihi makubaliano ya kuishi kwa amani na kushirikiana mpakani. Nikamuuliza wanajuaje mvua imenyesha wapi. "Tunatuma vijana wakaangalie," akasema. "Na mbuzi hawasikilizi redio. Wanasikia harufu."

Nikafikiri: huyu mzee mvua ikimkimbia, anaifuata. Sisi mvua ikitukimbia, tunaiandikia barua.

Lodwar tulifika jua limeshawaka. Mji ule kwa mwaka mzima wa kawaida unapata mvua ya milimita 200 hivi. Lakini mto Turkwel unapita pale pale, na una maji. Yametoka wapi? Mzee akaonyesha kusini kwa kidole: "Huko unakokwenda." Kweli kabisa. Turkwel unaanzia mlima Elgon, ambako unaitwa Suam, na unapokea maji mengine ya milimani kabla ya kuingia kwenye bwawa la Turkwel. Lodwar inakunywa mvua iliyonyesha kwa watu wengine. Tena mwisho wa mwaka 2020, ule msimu wa kwanza wa ukame, watu wanaoishi chini ya bwawa hilo walikuwa wanaonywa wajihadhari kwa sababu limejaa karibu kufurika! Ukame mmoja, wilaya moja, huyu anaambiwa abane maji, huyu anaambiwa ayakimbie.

Tukapita Lokichar, ambako mwaka 2012 walitangaza kupata mafuta ardhini. Kondakta akasema Turkana ndiyo nchi pekee ambapo ukichimba kisima unaweza kuharibu siku kwa kupata mafuta. Tukapita Kainuk. Polisi njiani waliangalia kibali mara kadhaa, nami kila mara nafungua pindo, nafunga pindo.

Baada ya Kainuk barabara inaanza kuuma mlima. Pale Marich ni kama mlango: milima kulia na kushoto, mto katikati, na barabara inapanda inajipinda. Lodwar uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, Kapenguria ni zaidi ya mita 2,000. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa inapoa kwa nyuzi kama 6. Shangazi, ambaye tangu Kakuma alikuwa anajipepea na kadi ya kliniki, akaomba nguo ya kujifunika. Kisha akauliza kama wale ng'ombe wa pembeni wamepakwa rangi. Hapana shangazi, ndivyo ng'ombe anavyokuwa akila.

Na basi, kabla ya Kitale, mvua. Saa tisa alasiri, mvua ya kweli, inapiga kioo kama mtu anayedai deni. Abiria wa Kitale walifunga madirisha. Sisi wa Kakuma tukafungua. Kukawa na ugomvi mdogo wa kimataifa pale ndani.

Mzee wangu wa Kiturkana akatoa mkono nje, akaujaza maji, akajipaka usoni polepole. Hakusema kitu. Nami sikumsemesha.

Kitale tulikaa wiki nzima. Mji huo unapata milimita 1,200 hivi kwa mwaka, mara sita ya Lodwar, na kati ya miji hiyo miwili ni kilomita kama 300, safari ya siku moja na mtu anawahi chakula cha jioni. Mwenye nyumba tuliyofikia alikuwa analalamika: mvua imezidi, sare za watoto hazikauki siku tatu. Nikamwambia, "Dada, kwetu nguo inakauka kabla hujamaliza kuianika." Hakuamini. Akadhani ni maneno ya wakimbizi ya kutafuta huruma.

Hapo ndipo nilipouliza watu wanaojua, mwalimu mmoja wa jiografia na mkulima mmoja mwenye kipima mvua shambani, na mengine nimeyasoma baadaye. Nitawaeleza kwa lugha ya jikoni.

Mvua inataka vitu viwili: hewa yenye unyevu, na kitu cha kuipandisha juu ipoe. Hewa ikipanda mlima inapoa, mvuke unageuka maji, kama kifuniko cha sufuria. Kitale iko kati ya mlima Elgon na milima ya Cherangani, kwa hiyo sufuria iko jikoni kila siku. Turkana iko chini, upande wa pili. Hewa ikishamwaga maji yake mlimani inashuka kwetu kavu na moto.

Tena Turkana ina shida nyingine ya pekee. Iko katikati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, kama ujia kati ya nyumba mbili. Upepo wa kutoka Bahari ya Hindi unabanwa pale, unapita chini kwa kasi bila kupanda. Wapima hewa wanaujua upepo huo, wanauita kwa jina la Turkana. Ndio huo uliofanya wasimamishe mitambo 365 ya umeme wa upepo karibu na Loiyangalani, ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo ule upepo unaobomoa turubai zetu, wenzetu wanawashia taa.

Na sasa sikilizeni hili, Wakongo wenzangu. Mwezi wa Julai na Agosti, sehemu ya unyevu unaoleta mvua Kitale hutoka magharibi, upande wa bonde la Kongo. Maana yake mvua ya kwetu ilitufuata! Ilivuka Uganda, ikafika Kitale, ikakosa kibali cha kushuka Turkana.

Ukame wenyewe ulitoka mbali zaidi, kwenye bahari. Miaka mitatu mfululizo, 2020, 2021 na 2022, maji ya juu ya Bahari ya Pasifiki katikati yalikuwa baridi kuliko kawaida, hali inayoitwa La Niña, na upande wa Indonesia na Australia yakawa na joto. Hewa yenye unyevu ikawa inapanda huko na kunyesha huko. Kwetu Pembe ya Afrika ikawa inashuka, na hewa inayoshuka haileti mvua. Wakati mashariki ya Australia mji wa Lismore unafunikwa na maji, Februari 2022, sisi tulikuwa tunapanga jerikani. Kwa hiyo anayetaka kumpiga aliyefunga mvua, achukue fimbo yake aende akaipige Bahari ya Pasifiki.

Msidhani Kitale na majirani zake wanakula raha tu. Njiani Pokot Magharibi mtu alituonyesha milima akakumbuka Novemba 2019, mvua iliposhusha udongo usiku na kufunika nyumba, watu zaidi ya 40 wakafa. Nasi tukiwa bado Kitale, Jumapili tarehe 31 Julai 2022, redio ikasema mji wa Mbale, upande wa Uganda wa mlima ule ule wa Elgon, umekumbwa na mafuriko usiku, na baadaye ikajulikana watu zaidi ya 20 wamekufa. Mwezi huo huo, kaskazini ya hapo hapo, Karamoja, watu walikuwa wanakufa kwa njaa. Mbale ilikuwa inatafuta waliochukuliwa na maji, Karamoja inazika waliokosa chakula, na nchi ni moja.

Ukichukua mvua ya Mbale, ukaijumlisha na ya Karamoja, ukagawa kwa mbili, utaambiwa mvua ni ya kutosha. Huo ndio wastani. Mama ameleta maandazi matano, watoto ni watano, mkubwa kayala yote. Kwa wastani kila mtoto amekula andazi moja. Nenda kawaambie wale wanne.

Na pale penye mawingu madogo, tofauti haihitaji hata mlima. Wingu la mvua ya ghafla la nchi zetu za joto lina upana wa kilomita chache tu, na linaisha kwa saa moja hivi. Likisimama juu ya Kakuma 3, limesimama hapo. Halina orodha ya majina, halina alama ya vidole, halijui nani anafyatua matofali wala nani aligombana na mama mkwe.

Basi tukarudi. Shangazi alipewa dawa, na namshukuru Mungu bado tunaye. Mtoto akanipokea kituoni, na swali lake la kwanza halikuwa habari ya shangazi. "Umeiona?" Nikamwambia nimeiona, Maeneo Machache ni mengi. Lodwar ni Maeneo Machache ya mlima Elgon. Ziwa Turkana nalo hivyo hivyo: katika miaka ile ya ukame lilikuwa limepanda na kula ufuo, kwa sababu karibu maji yake yote huletwa na mto Omo kutoka milima ya Ethiopia. Mbuzi wanakufa kiu, na ziwa linafukuza wavuvi majumbani.

Sisi wa Kakuma nasi tuna mvua ya watu wengine. Inaitwa Tarach.

Hapa nitaacha utani kidogo. Laga hii inayopita kando ya kambi inapokea maji kutoka milima ya upande wa mpaka wa Uganda. Huko kukinyesha jioni, maji yanatufikia baada ya saa kadhaa, hata kama kwetu nyota zinawaka, hata kama kwetu ni mchana na jua kali. Watoto wanacheza mpira kwenye mchanga, akina mama wamechimba visima vya mkono, mtu anavuka kwenda sokoni. Halafu unasikia mvumo. Anayekaa Kakuma miaka mingi anamjua mtu aliyechukuliwa hivyo. Kwa hiyo ukiona weusi au radi upande wa magharibi, usiseme "kwetu hakuna mvua". Toa watoto kwenye laga. Maji yakiwa yanakwenda, hata ya magotini, ngoja. Soko litakuwepo kesho.

La pili ni hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati lenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 4 ni mita 20 za mraba. Ikinyesha milimita 10 tu, mvua ya mara moja, juu ya bati hilo zinapita lita 200, yaani jerikani kumi za lita 20. Hata zikipotea mbili tatu, ni foleni ngapi hizo? Weka bati lililokunjwa au bomba lililopasuliwa liwe mfereji. Maji ya kwanza yaache yaende, yameosha vumbi na kinyesi cha ndege. Yanayofuata kinga, funika vizuri mbu wasizae humo, na ya kunywa tia dawa au chemsha. Tukipata mvua mara chache, basi hizo chache zitukute tumejiandaa.

La tatu, majirani. Ukipata mvua wewe na mwenzio hakupata, mkopeshe jerikani. Na wenyeji wetu wakija na mbuzi waliobaki mifupa, kumbuka yule mzee na mkono wake dirishani. Zamu inageuka. Mvua ilirudi Machi 2023, na kufika Novemba mwaka huo huo, El Niño ikiwa imeshika zamu, zile familia za Dadaab zilizolia kiu misimu mitano zilikuwa zinabeba watoto mabegani kwenye mafuriko. Aprili 2024 ikawa Nairobi.

Mwisho, kazi ya watoto. Chukueni kopo la mafuta tupu lililo na kuta zilizonyooka, kateni mfuniko, mzazi agonge kingo zisikate mkono. Liwekeni mahali pa wazi, mbali na mti na ukuta, mlizungushie mawe lisipeperuke. Mvua ikinyesha, ingizeni rula ya shule, msome maji yamefika milimita ngapi, muandike tarehe na bloku yenu, kisha mwage maji. Sisi tumeshaanza: mara ya kwanza kopo letu maji hayakufunika hata kucha, na kwa shemeji yangu Kakuma 3 yalifika katikati ya kidole. Leteni hesabu zenu kwa mwandishi wa gazeti wa zoni yenu kabla ya mwisho wa mwezi. Tutazichapa zote, bloku kwa bloku, na hata sifuri tutaiandika, maana nayo ni hesabu.